Siku Niliyovua Miwani Yangu

Nilipoishia wiki iliyopita, kisu cha kupogolea mizabibu kilikuwa kimesimama wima katikati ya meza yangu ya kushonea, bado kinatetemeka, na aliyekichomeka alikuwa keshatoka nje bila kufunga mlango.

Kwa uliyeungana nasi leo: mimi ni Argia, mjane, mshona nguo wa Mtaa wa Ngozi. Mafuriko yalinichukulia duka. Homa ya mapafu ikanichukulia binti. Nikabaki na mtoto wake, Ivo, nikamlea mpaka akaota ndevu, na alipoota ndevu akaenda kumpenda Loretta wa Mtaa wa Ngome, watu ambao sisi wa Ngozi hatuwaazimi hata chumvi.

Mwenye kisu alikuwa Fosco, kaka yake Loretta. Aliniambia hivi: "Ajuza, siku ya Maonyesho nitakurudishia mjukuu wako vipande viwili. Andaa sindano umuunge."

Basi Jumapili ya Maonyesho ikafika.

Ivo alisimama mbele yangu jikoni akiwa amevaa kizibao chekundu na soksi ndefu za kubana, zile za mababu wa miaka mia sita iliyopita, nami nimepiga magoti namfunga kamba moja moja kiunoni. Chini ya kizibao nilimfunga kibofu cha nguruwe kilichojaa damu ya nguruwe. Kila mwaka mitaa yetu miwili hupigania kisima cha sokoni kwa fimbo, na kila mpiganaji hubeba kibofu chake. Ukipigwa fimbo ya kifua kibofu kinapasuka, damu inamwagika, watu wanashangilia, wewe unalala chini unajifanya maiti.

"Leo usiende kisimani," nikamwambia.

"Bibi, mimi ndiye nahodha. Nahodha asipokwenda, nani aende? Wewe?"

"Nitakwenda."

"Na nini? Na mwiko wako?"

"Usinichekeshe. Fosco kasema atakukata vipande."

"Fosco husema. Mbwa wa jirani naye husema usiku kucha, umeshamwona kaua nani?" Akanibusu kipara cha utosini, hapo nywele zilipoanza kunitoka. "Jioni nina jambo la kukuambia. Jambo zuri. Usiniulize sasa."

Sikumuuliza. Laiti ningemuuliza.

Akatoka. Hajafika mbali, mlango ukagongwa. Ni Settimio, mkuu wa mtaa wetu, yule anayenyoosha bodi za magari karibu na daraja. Alikuwa amebeba kapu kubwa la kuvunia zabibu, na ndani yake simu, saa, pete za plastiki na miwani za watu, rundo zima.

"Mama Argia, vua."

"Settimio, bila miwani sioni hata pua yangu."

"Pua yako iko palepale tangu ubatizwe. Vua."

Mnajua waamuzi wa Maonyesho walivyo. Wanapita mchana kutwa katikati ya watu, wanapindua pindo kuona kama umeshona kwa mkono, wanachungulia viatu, wanakagua masikio. Kitu chochote ambacho mababu hawakuwa nacho ni pointi moja inaondoka. Mwaka jana Ngome walitupita kwa pointi moja, na pointi ile ilikuwa saa ya mkononi ya mwoka mikate wetu. Mwoka mikate yule hakuuza mkate mpaka Krismasi.

Nyuma ya Settimio alisimama mzee Gualtiero, akatoa meno yake ya bandia, akayatia kapuni.

"Mzee, meno rudisha," Settimio akamwambia. "Hakuna anayetaka kuyaona hayo."

"Shiku zile watu walikuwa vibogoyo," mzee akajibu, maneno yakimtoka na upepo. "Tutapata pointi."

Tukacheka wote. Nilikuwa bado nacheka nilipovua miwani yangu na kuiweka juu ya simu za watu. Settimio akaenda kulifungia kapu katika chumba cha nyuma cha kanisa, kama kila mwaka.

Nikajifunga joho langu jekundu lenye kofia ya kufunika kichwa. Siku hiyo mtaa wetu wote huvaa joho hilo, wanaume kwa wanawake, sare moja. Majoho yote niliyashona mwenyewe. Nikashuka sokoni.

Kazi yangu ni sufuria la ugali wa mahindi ya njano. Nausonga kwa mwiko wa mti mgumu, mrefu kama mguu wa mtoto, mzito, urithi wa mama mkwe wangu ambaye naye alikuwa mzito. Wageni wa mabasi walinizunguka na sahani zao, na nyuso zao zote kwangu zilikuwa kama mikate ambayo haijaingia tanurini. Hazina macho, hazina mdomo.

Kwenye kibanda cha pili alikuwa Ersilia, anauza nguruwe wa kuchoma kwa viungo vya shamari. Yeye macho yake ni ya mwewe, hivyo kengele ya pambano ilipolia nikamwomba anisimulie.

"Wameingia!" akapiga kelele huku anakata nyama. "Njano wa Ngome wanatoka upande wa kanisa. Wekundu wetu huku. Ivo yuko mbele. Mungu wangu, mjukuu wako ana miguu mizuri!"

"Acha miguu. Fosco yuko wapi?"

"Fosco anamfuata. Wanapigana. Ivo kampiga mmoja, kibofu kimepasuka! Hoyee! Mwingine kaanguka. Aah, huyu wa njano kapiga mtu mdomoni, hiyo siyo ya kuigiza, nimeona jino!"

Watu waliguna. Nikasikia fimbo zinagongana, halafu nikasikia fimbo inagonga kitu kisicho fimbo. Mtu akatukana mama wa mtu. Maonyesho yalikuwa yameanza kuharibika, kama yanavyoharibika kila mwaka, lakini mwaka huu mapema zaidi.

"Sasa Ivo na Fosco wamezunguka nyuma ya kisima," Ersilia akasema. "Siwaoni. Settimio naye anawakimbilia. Huyo ndiye mkuu wa mtaa, haachi mtu wake!"

Moyo ukanipoa kidogo. Settimio akiwapo, nikasema, Fosco hatathubutu.

Ndipo nikasikia: "Bibi!"

Sauti ile ningeitambua chini ya maji. Haikuwa ya kuigiza. Nikachomoa mwiko kwenye ugali, nikakimbia. Mimi na magoti yangu haya! Nikamwangusha mtu, nikakanyaga mbwa, nikazunguka kisima upande wa ukuta, pale palipo na kivuli.

Niliona rangi tu. Nyekundu imelala chini. Njano imeipanda juu, imeinama, mikono yake inakaza, inakaza, na nyekundu inapiga teke.

Sikuuliza jina. Niliinua mwiko kwa mikono miwili nikaushusha kwenye kichwa cha njano.

Ulitoa mlio wa boga linalopasuliwa.

Njano ikasema, "Subi..." Nikaushusha tena. Ugali wa moto ulioganda kwenye mwiko ukamrukia shingoni, nikasikia ngozi inaungua. Akageuza uso. Nikapiga uso. Mara ya mwisho nilipiga kwa ajili ya kile kisu juu ya meza yangu, nasema kweli, na hiyo ndiyo iliyomlaza.

Na unajua nini kikatokea? Wakapiga makofi!

Wageni waliokuwa juu ya ukuta, wanakula aiskrimu ambayo mababu hawakuwa nayo, walipiga makofi na miluzi. Mwamuzi mwenye kofia ya manyoya akainua mkono: "Hiyo ndiyo historia iliyo hai! Pointi tano kwa Mtaa wa Ngozi!"

Nilianguka juu ya Ivo. Nikampapasa kifua, kizibao kimelowa. Lakini kifua kilikuwa baridi, maana vibofu vile tulivilaza kwenye friji usiku kucha. Nikashusha mkono, tumbo, kinena, paja. Pale mkono wangu uliingia kwenye kitu cha moto kama supu.

Damu ya nguruwe hutoka baridi. Hii ilikuwa ya moto.

Juu kidogo ya pale nikagusa kitambaa kimemkaba paja, kimefungwa fundo na kijiti kimepitishwa katikati, kimesokotwa mpaka kinaingia nyamani. Nikasema, mnyama yule! Kamchoma na kamfunga kama mbuzi! Nikachomoa kijiti. Nikafungua fundo kwa meno.

Damu ikaruka mpaka kidevuni kwangu.

"Ondoka!" Mtu akanisukuma. Alikuwa daktari wa zahanati, amevaa kitawa, joho jeupe mpaka chini. Akapiga magoti, akaingiza ngumi yake nzima pale pajani. "Nani kafungua mshipi huu? Nani mwendawazimu kafungua?"

"Mimi. Walikuwa wamemfunga..."

"Walikuwa wamemwokoa! Huu ndio uliokuwa unamshikilia asife! Nani aliufunga?"

Daktari akausokota tena, kwa nguvu, Ivo akapiga yowe lililonyamazisha njiwa. Halafu nikamsikia daktari anasema polepole, "Ni mshipi wa njano."

Nikatambaa kwa mikono mpaka kwa yule niliyemlaza. Nikamsogelea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa yake, hapo ndipo macho yangu yanapoona. Alikuwa Fosco. Jicho moja limefunga, sikio linatoa damu nyembamba, povu mdomoni. Nikampapasa kiuno.

Hakuwa na mshipi.

Mkono ukaja juu ya bega langu, nikasikia harufu ya rangi ya magari.

"Lete hiyo, mama," Settimio akaninong'oneza. Akautoa mwiko mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi. "Hakuna aliyekuona uso. Wameona joho jekundu, na majoho mekundu yamejaa. Nyamaza tu. Nakubebea lako. Na wewe utanibebea langu."

Nilidhani anazungumzia mama yake, ambaye hainuki kitandani. Nikadhani ananiambia akikamatwa nimpelekee supu. Nikamwambia, "Nitabeba, mwanangu. Mungu akubariki."

Nilimbariki! Kwa mdomo huu huu.

"Simu! Leteni simu!" daktari alikuwa anapiga kelele. "Gari la wagonjwa!"

Watu wakapapasa mifuko, na majoho yangu hayana mifuko. Simu za mtaa mzima zilikuwa kapuni, kapu limefungiwa kanisani, na padre mwenye ufunguo yuko kwenye maandamano ya bendera upande wa pili wa mji. Za Ngome nazo zimefungiwa kwao. Vijana wakauvunja mlango wa Mungu kwa benchi.

Kufikia hapo Ngome walikuwa wamemwona Fosco.

Sitawaeleza yote. Nitawaeleza nilichokisikia, maana kuona sikuona. Nilisikia mwanamke anasema, "Wamemuua!" Nikasikia fimbo zikitupwa chini na vyuma vikiokotwa. Mishikaki ya kuchomea nyama. Miguu ya meza. Mtu wa Ngome akamvuta Ersilia nywele, Ersilia akamwagia sufuria langu la ugali miguuni, na yule mtu akalia kama mtoto, akiruka, soksi za kubana zimemgandia na ngozi. Mzee Gualtiero alipigwa kinywani, kile kinywa kisicho na meno. Mwamuzi alisimama juu ya pipa anasema, "Pointi! Nitawakata pointi!" Wakamkata yeye, kwa chupa ya divai, kwenye paji la uso.

Mimi nililala juu ya Ivo nikiwa nimemfunika kwa joho. Mtu alinipiga teke la mbavu. Sijui alikuwa wa njano au wetu.

Ndipo Settimio akapanda juu ya ukingo wa kisima, mwiko wangu mkononi, una damu na nywele.

"Mnamtafuta aliyempiga Fosco? Ni mimi hapa!" akanguruma. "Alimchoma nahodha wetu kisu, nikampasua kichwa! Na angekuwa baba yake ningempasua vilevile!"

Mtaa wa Ngozi ukaitika kwa sauti moja. Askari walipofika na kumtia pingu, watu wetu walimbeba juu juu mpaka kwenye gari lao. Wanawake walimbusu mikono. Afande akauliza nani alishuhudia. Mtaa mzima ulishuhudia. Kwetu ndivyo ilivyo, mkuu wa mtaa akishasema neno mbele ya askari, hilo ndilo lililotokea.

Hospitali ya wilaya iliwalaza Ivo na Fosco kwenye vyumba vya ukumbi mmoja, milango inatazamana. Jua lilikuwa bado linawaka dirishani. Kwenye benchi alikaa msichana mwenye gauni la njano, mapindo yamekauka damu. Loretta. Nikataka kugeuza njia.

Akainuka, akanikumbatia.

"Bibi, umekanyagwa? Keti. Ivo wameshamshona, atapona. Wamesema mguu utabaki." Halafu akaegemea bega langu akalia. "Kaka yangu wamempasua fuvu kutoa damu iliyojaa ndani. Hawajui kama ataamka."

"Pole, mwanangu."

"Walikuwa wamepatana, Bibi. Jana. Fosco alikuja kuomba radhi kwa kile kisu, Ivo akamwambia usimwambie Bibi mpaka jioni, tumshtue kwa furaha. Leo wangezunguka nyuma ya kisima washikane mikono, halafu watoke mbele ya watu wameshikana hivyo hivyo. Njano na nyekundu. Halafu tungetangaza harusi." Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Huyo Settimio akimuua kaka yangu, sitaki afungwe. Nataka nimpate mimi kwa mikono yangu."

Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wangu. Ule ule.

Muuguzi akaniita. Ivo amezinduka.

Alikuwa mweupe kama shuka. Nikamsogelea mpaka nikamwona kope.

"Bibi. Fosco yuko wapi?"

"Yupo. Usiongee."

"Alinifunga mshipi wake. Alikuwa ananiambia usilale, pumbavu wewe, dada yangu ataniua. Halafu kuna mtu akaja akampiga. Nilisikia tu kishindo, macho yalikuwa yameshaingia giza. Umemwona ni nani?"

"Usiongee, baba."

"Nimempa Fosco mkono, Bibi. Settimio akatukuta. Akasema, unauza kisima cha wazee wako kwa ajili ya sketi? Nikacheka. Nilidhani anatania." Akameza mate. "Akachomoa kile kisu cha wachuna ngozi, ambacho mkuu wa mtaa hubeba kiunoni kila mwaka. Kinatakiwa kiwe butu. Hakikuwa butu. Akanichoma huku ananitazama usoni, halafu akaondoka anatembea polepole kabisa."

Nakubebea lako. Na wewe utanibebea langu.

Yalikuwa maneno ya Settimio pale kisimani.

Sasa nilimwelewa vizuri. Nikimtaja, atanitaja, na Loretta atajua ni mkono gani aliokuwa ameushika pale benchini. Ivo atajua nani alimpiga mtu aliyekuwa anamwokoa, na nani alimfungua mshipi. Harusi imekufa. Na Fosco akifa, nitazeeka gerezani, Ivo hana mtu mwingine duniani. Nisipomtaja, Settimio atatoka kifua mbele, shujaa wa mtaa, na mjukuu wangu atarudi kuishi nyumba ya tatu kutoka kwa mtu aliyemchoma, na mtu huyo ataendelea kutupitia mlangoni na kapu lake kila mwaka.

"Bibi, hujaniambia. Nani alimpiga Fosco?"

Mlango ukafunguliwa. Buti za askari.

"Shikamoo, mama," afande akasema. Mtu wa heshima, mama yake nilimshonea gauni la harusi. "Nimeambiwa kijana kaamka. Settimio ananishangaza. Anasema kampiga Fosco, sawa, lakini nikimuuliza tena nani kamchoma huyu, harudii aliyoyasema pale kisimani, anasema hilo niulize kwa Bibi Argia kwanza. Akishajua umejibu nini, ndipo ataongea."

"Mimi nilikuwa kwenye ugali," nikasema.

"Basi tumsikie mwenyewe. Ivo, ulimwona aliyekuchoma?"

"Nilimwona."

Kule ukumbini Loretta akapiga ukelele. Mmoja tu, mrefu, umepasuka katikati. Sikujua ni wa kilio au wa shukrani. Viatu vya wauguzi vikakimbia kuelekea mlango wa Fosco.

Afande hakugeuka. "Jina lake nani?"

Ivo alifungua mdomo, nami nikamziba kwa kiganja changu, nikakandamiza, kichwa chake kikazama kwenye mto. Macho yakamtoka pima. Nilihisi meno yake, nilihisi pumzi yake ya moto inatafuta njia katikati ya vidole vyangu.

"Mama," afande akasema, taratibu, anasogea. "Toa mkono."

Sikuutoa.